Shikamoo Kumi na Tisa

Usiku wa jana niliota nimewahi kufika kikaoni, na hapohapo ningepaswa kujua kwamba ni ndoto, maana mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwahi kitu.

Kikao chenyewe ni cha kweli. Ni leo, saa tatu asubuhi, kwenye hoteli mpya ya ghorofa hapa Mbeya. Wenye viwanda vidogo wanakutana na wenye maduka makubwa, wajuane. Mimi nasaga unga wa lishe pale Uyole na wanawake wenzangu sita: mahindi, ulezi, soya na karanga. Binti yangu Atuganile, ana miaka kumi na tisa na anasoma chuo cha biashara, ndiye aliyenijazia fomu, na juzi kutwa nzima alikuwa ananifundisha namna ya kuongea na watu nisiowajua.

"Mama, mtazame mtu usoni. Mshike mkono kwa nguvu. Taja jina lako, sema unauza nini, halafu nyamaza. Na nakuomba, mama, nakuomba sana, acha kuwaamkia vijana shikamoo!"

Ana haki ya kuniomba. Sokoni Mwanjelwa nina mdomo, waulize wenye mizani ya uongo. Lakini nikiona mtu amevaa tai, basi. Magoti yanajikunja yenyewe, kama nilivyolelewa, na shikamoo imeshatoka. Ukishamwamkia mtu shikamoo utamwambia nini tena kuhusu bei? Mwaka jana nilimwamkia karani mmoja aliyesoma darasa moja na Atuganile. Akaitikia marahaba bila hata kupepesa macho, mshenzi yule.

Basi ndotoni niko mlangoni mwa ukumbi. Atuganile yuko nyuma yangu, amebeba katoni ya pakiti za kuonjesha. Kwenye meza ya mapokezi hakuna mtu, kuna rundo la beji. Moja inaruka, inajibandika kifuani kwangu. Imeandikwa: TUSEKILE MWAIPAJA. UNGA WA LISHE. MIAKA 43.

"Miaka ya nini tena?" nauliza.

"Ya kutumia," beji inanijibu. Ina sauti ya mtu aliyechelewa kula. "Kila shikamoo isiyostahili inakula mwaka mmoja."

"Na isiyostahili ni ipi?"

"Utaiona."

"Mlango wa kutokea uko wapi?"

"Uko mmoja tu, nyuma ya Mkuu wa Manunuzi wa maduka makubwa. Anatoka yule aliyesalimiana naye."

Nageuka nyuma. Mlango tulioingilia umekuwa ukuta, na ukutani kuna kalenda ya mwaka niliozaliwa. Nikasema moyoni, sawa, tutapita hukohuko mbele.

Wa kwanza kunijia ni kijana wa benki, ana tai nyekundu. Nikakumbuka kanuni. Nikamtazama usoni, macho yangu yakanasa palepale kwenye paji lake, hayabanduki. Ilibidi Atuganile anishike kiuno anivute. Nikaushika mkono wa kijana kwa nguvu, ukatoka.

"Samahani," nikasema, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

"Bila samahani. Kaa nao, utanirudishia baada ya chai."

Kwa aibu niliyoona, mdomo ukafunguka wenyewe. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na ndevu zikamwota hapohapo, chache, za kidevuni. Beji ikasoma 42.

"Mama!" Atuganile akasema huku ameuma meno. Nilipomtazama, nikaona viatu vyake vimempwaya kidogo. Sikutilia maanani.

Mbele kidogo wamesimama wanaume watano kwenye duara, wote na tai, wote wanacheka kitu kimoja. Nilikwenda kwao nikiwa nimejipanga kabisa. Jina langu Tusekile, jina langu Tusekile, ndivyo nilivyokuwa nasema njiani. Nilipofika wakaacha kucheka, wakanitazama.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia watano kwa pamoja, na mvi zikawatoka watano kwa pamoja. Beji ikashuka, 41, 40, 39, 38, ikasimama 37.

Nyuma yangu katoni ikaanguka. Nageuka, namwona Atuganile amevaa sare ya shule, sketi ya bluu na soksi nyeupe, na ile katoni imemshinda. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikumbuka hata ile bendeji ya gotini, alianguka na baiskeli ya jirani.

Hesabu hiyo haihitaji chuo. Nilimzaa nikiwa na miaka ishirini na nne. Kila ninaposhuka mimi, naye anashuka.

"Na nikifika ishirini na tatu?" nikaiuliza beji.

"Huna mtoto. Na usidhani utalia, hutakuwa na wa kumlilia. Hata jina hutalijua."

Nikamshika Atuganile mkono, nikamwambia, mwanangu, leo mama yako ni bubu. Tunakwenda moja kwa moja kwa huyo Mkuu, simwamkii mtu, hata wakiniita sina adabu.

Tukatembea hatua kama kumi. Mbele yetu akasimama mtu mwembamba, mrefu, mweusi tii, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza. Nikapiga magoti. "Shikamoo."

"Marahabaaa!" ikaunguruma sauti ukumbi mzima.

"Mama, hiyo ni maikrofoni," akasema Atuganile. Ana miaka kumi na miwili sasa.

Nikakasirika. Nikaapa. Nikageuka kwa hasira, na uso kwa uso nikakutana na mama mmoja wa heshima zake, kilemba kimekaa sawa, kitenge kimekatwa vizuri, beji kifuani, mtu anayeonekana kabisa anajua alikuja kufanya nini. Mama wa namna hiyo unampita vipi?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, midomo yake ikienda sawasawa na yangu.

"Mama! Hicho ni kioo!"

Beji, 35. Yule wa kiooni akajipangusa bega, akaenda zake kunywa soda. Kioo kikabaki kitupu na mimi nimesimama mbele yake.

Nakwenda mbele, ukumbi si ukumbi tena. Ni uwanja wa shule ya msingi, vumbi, mlingoti wa bendera, kengele ya rimu ya gari. Kwenye mstari wamesimama watu wanane, juu wamevaa koti na tai, chini kaptula za kaki. Ni foleni ya kwenda kwa Mkuu wa Manunuzi. Njia ni nyembamba, na ili upite lazima umwombe kila mmoja akupishe.

"Omba tu njia," ikasema beji. "Sema naomba nipite. Maneno mawili."

Maneno mawili! Wangeniambia nibebe gunia la mahindi ningeona afadhali. Wa kwanza akageuka, akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Nikajaribu. Nilianza vizuri kabisa, nilianza na "naom", halafu akanyanyua nyusi kidogo tu, na magoti yakaniponyoka.

Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba.

Kati ya wa tatu na wa nne nilimuuliza Atuganile, "Kanuni ya pili ni ipi? Nimeisahau." Alikuwa na miaka minane, hana meno ya mbele.

"Kanuni ni nini?" akaniuliza.

Hapo nililia. Nililia huku naamkia watu. Wa tano, wa sita, wa saba, kila mmoja akizeeka kidogo na kunishukuru kwa malezi mema. Wa nane alikuwa na kiganja laini, hajawahi kushika jembe, nami nikamwinamia mpaka kilemba kikagusa vumbi.

Beji, 27. Mkononi mwangu kuna mtoto wa miaka mitatu anayenyoosha kidole. "Sambusa," anasema.

Kando ya uwanja kweli kuna meza ya chai. Nikamsogeza, nikachukua sambusa moja. Sambusa ikasema, "Usinile kabla hujasalimia."

Nikatazama. Nyuma ya birika alikuwapo bibi mmoja mpishi, kichwa cheupe chote, aproni imemzidi, ametulia. Watu wote wale walikuwa wanamchukulia vikombe mbele ya macho yake na hakuna aliyemwambia hata habari. Nikachutama, si kwa kuponyokwa, nilichutama mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, bibi. Pole na kazi."

"Asante. Mpe mtoto ile kubwa."

Nikafumba macho nisione beji. Nilipofumbua, bado 27.

"Haikushuka!"

"Ile ilikuwa heshima," ikasema beji. "Zote za nyuma zilikuwa woga. Woga ndio unaokula miaka."

Nikaona haya. Miaka arobaini na mitatu nimejisifu kwa adabu, kumbe nusu yake ilikuwa kutetemeka.

Sasa ungedhani nikishajua hivyo nimepona. Wapi! Nilifungua mlango wa chumba cha Mkuu nikijua kila kitu, na sikupona hata kidogo.

Ndani ni kliniki. Kuna benchi la mbao, kuna mizani ya kuning'iniza watoto, ukutani bango la chanjo. Kwenye meza ndogo amekaa msaidizi, anagonga mihuri kwenye karatasi tupu.

"Jina?" akauliza bila kuinua kichwa.

Niliung'ata ulimi. Niliung'ata mpaka nikaonja damu. "Shikamoo," ukasema ulimi huku umeng'atwa.

26. Atuganile ana miaka miwili, nimembeba ubavuni.

Simu ya mezani ikalia. Msaidizi akaipokea, akasikiliza, akaninyooshea. "Ni yako."

"Haloo, shikamoo."

Mtu wa mbali, sijui nani, akasema "Marahaba" na kukata. Hakuwa na shida nyingine.

25. Atuganile yuko mgongoni, nimemfunga kwa khanga, anapumua shingoni kwangu. Namfahamu kwa pumzi ile. Nikajisemea, Tusekile, ukisema neno hili tena nitakupiga makofi mwenyewe.

Mbele yangu kuna kiti kikubwa cha ofisi kimegeuziwa ukutani. Mtu haonekani, unaona mgongo wa kiti tu, ngozi nyeusi inayong'aa. Ndevu nyeupe zimetoka pande zote mbili za kiti, zimetambaa sakafuni, zimepita chini ya benchi, zimetoka nje kwa dirisha. Ni shikamoo za watu, za miaka na miaka, zimemwotea mtu mmoja.

Kiti kikalia nywii. Nikakiamkia.

Kiti, jamani. Nilikiamkia kiti.

Khanga ikalegea. Napapasa mgongoni, hakuna kitu. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga, hata siku ya kumzaa sikuipiga. Msaidizi akaandika kelele ile kwenye karatasi, akaigonga muhuri.

Halafu tumbo likajaa. Likajaa ghafla, zito, la mwezi wa tisa, gauni likanibana. Ndani yake mtu akapiga teke.

"Yupo," ikasema beji. "24. Yupo kwa sasa."

Kiti kikageuka. Mkuu wa Manunuzi akanitazama. Uso wote ni ndevu, unaona macho na paji tu.

"Marahaba," akasema.

Nami nilikuwa sijasema kitu. Marahaba ikakaa hewani peke yake, inasubiri. Nani kwetu alifundishwa kuiacha marahaba ya mtu ikae peke yake hewani? Ilikuwa inanivuta kooni. Magoti yakaanza. Nilijishikilia kwenye mizani ya watoto, mizani ikashuka nami.

"Shika..." ukasema mdomo wangu, nikauziba kwa mikono yote miwili.

Tumbo likapungua. Likawa la miezi sita. Teke likaja tena, dogo sana, kama la kifaranga ndani ya yai. Beji ilikuwa inatetemeka haijui isome ngapi.

"Marahaba," akarudia Mkuu, kwa sauti kubwa zaidi.

Nilikuwa nimechutama, nimeziba mdomo, na kwa kuwa nilikuwa chini, nikaona vitu ambavyo aliyesimama havioni. Niliona lebo ya dukani bado imeshonwa kwenye mkono wa koti lake. Niliona chini ya ndevu shingo nyembamba, koo linapanda na kushuka. Niliona glasi ya maji mkononi mwake, na maji yale hayatulii. Na pajini, pale niliposhindwa kupatazama nilipokuwa nimesimama, kulikuwa na chunusi mbili.

Huyu ni mtoto, nikasema moyoni. Huyu ni wa ishirini na tano, ishirini na sita. Kuna watu wamempa kiti kikubwa wakamwacha humo, naye anawahi kuitikia kabla hajaulizwa jambo asilolijua.

Nikainuka. Nilishika tumbo kwa mkono mmoja, benchi kwa mkono mwingine. Nikatoa mkono mdomoni.

"Hujambo, mwanangu?"

Msaidizi akaacha kugonga mihuri. Nje, foleni yote ya kaptula ikageuza vichwa.

"Marahaba," akasema Mkuu, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sikukuamkia. Nimekuuliza, hujambo?"

Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Teke lilikuwa halijaja muda mrefu, nami nilikuwa nalisubiri kwa mwili mzima. Nilimtazama usoni na sikubandua macho, na wala hayakunasa, niliyaweka mwenyewe.

"Sijambo," akasema hatimaye. Akaweka glasi mezani. Akasimama, kama kijana aliyelelewa na mtu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula lakini?"

"Bado, mama. Tangu asubuhi."

Kwetu mkubwa akiamkia, wote wanaamkia. Msaidizi akasema shikamoo. Wa foleni na wale wa ukumbini wakapenya mlangoni, shikamoo mama, shikamoo mama. Atuganile akazaliwa palepale kwenye zulia, saa nne na robo, bila shida yoyote, msaidizi akagonga muhuri. Nikamnyonyesha mwaka mzima, ambao mule chumbani ulikuwa kama sekunde tatu. Shikamoo nyingine, akasimama dede. Nyingine, akaomba sambusa. Meno yakatoka, yakang'oka, yakatoka mengine. Bendeji ikaja gotini, ikaondoka. Beji ilikuwa inahesabu kwa sauti, na ndevu zile zilikuwa zinatoka dirishani kwa kasi, kila unywele unamtafuta mwenyewe.

Shikamoo ya kumi na tisa ilitoka kwa mmoja wa wale watano. Beji ikasema, "43." Atuganile, mrefu kunizidi, akainama kuokota katoni yake.

Kijana wa benki naye akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza!" nikamkemea. "Unataka kunizeesha?"

Mkuu wa Manunuzi alikuwa amebaki na kidevu kitupu. Alikuwa kijana mzuri tu, wa kawaida, amechoka. "Unauza nini, mama?"

"Naitwa Tusekile Mwaipaja," nikasema. "Nasaga unga wa lishe, Uyole. Uji wake unashibisha mpaka mchana, na wewe hujala."

Halafu nikakumbuka kanuni ya mwisho, nikanyamaza. Nikanyamaza vizuri, bila kuongeza samahani wala kucheka ovyo. Naye akanyamaza. Tukakaa hivyo, hakuna aliyekufa, na nikanyamaza mpaka nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Atuganile alikuwa amesimama mlangoni, ameshika gauni langu la kitenge, amelipiga pasi.

"Mama, saa moja na nusu hii! Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Nilimtazama miguu, mikono, meno ya mbele. Vyote vilikuwapo.

"Unanitazama nini? Haya, amka." Akasogea, akasimama, akakunja uso. "Mama, mbona gauni la kulalia limelowa? Umejimwagia nini?"

Nikainamisha kichwa. Kifuani kulikuwa na madoa mawili, kulia na kushoto, bado yana joto. Nikagusa moja kwa kidole, nikakipeleka puani, halafu ulimini. Nilimwachisha Atuganile kunyonya miaka kumi na saba iliyopita, na harufu ile ya maziwa haisahauliki.

"Ni maji tu," nikamwambia. Nikavuta shuka mpaka shingoni, nikamwomba akae kidogo kitandani kabla hatujaenda.